Waya Mahali pa Fyuzi

Kama nyumbani kwako kuna betri, nyaya mbili za rangi moja na mume asiyependa kuulizwa maswali, mwenzangu, kaa usome haya. Kama una mtoto aliye mbali, soma mara mbili. Mimi nimesoma shule ya msingi tu, na somo la umeme lilinikuta nimesinzia. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu, sebuleni kwangu, na mpaka leo nikisikia harufu ya plastiki inayoungua nakimbilia kutazama nyaya.

Mume wangu ana redio ya upepo. Siyo ile ya kusikiliza taarifa na muziki. Hii unasikia na unajibu. Inakaa mezani kwenye kona ya sebule, betri yake chini ya meza, na waya wa antena unatoka dirishani, unapita juu ya kamba yangu ya nguo, unakwenda kufungwa kwenye mti wa jirani. Kibali chake kimetundikwa ukutani ndani ya fremu, juu ya picha yetu ya harusi. Juu, si chini. Wako wengi wa namna yake, huku na huko, wanaofanya hivyo kwa mapenzi tu, hawalipwi na mtu. Wanajuana kwa sauti. Mume wangu hajui sura ya hata mmoja wao wala namba yake ya simu, lakini mtu akikohoa tu hewani yeye anajua ni nani.

Zamani redio hiyo nilikuwa naiita mke mwenzangu. Niliacha pale mtoto wetu wa pili alipopata kazi ya kupima maji ya mto, huko juu milimani, mahali ambapo simu ni ya kuangalia saa. Mtoto huyu tunamwita Kasuku, kwa sababu siku alipoanza kuongea ndiyo siku ya mwisho tuliyopata utulivu. Redio alijifunza mapajani kwa baba yake, na alipoondoka alibeba ya kwake ndogo. Basi kila jioni, jua likianza kushuka, baba na mtoto wanakutana hewani. Kwanza wanaongea mambo yao ya mitambo, nami nakwenda kuangalia chungu. Halafu naitwa, namuuliza amekula nini, ananidanganya, nalala vizuri.

Sasa kuna jambo lazima ulijue. Baba yake aliwahi kulazwa kwa presha, hali ikawa mbaya. Kasuku alikuwa huko huko milimani, na sisi tukamficha, kama watu wanavyowaficha walio mbali. Tukamwambia baba ana mafua, sauti imemkauka. Alipokuja kujua ukweli alikasirika mpaka akatokwa na machozi, mtoto mkubwa vile, mwenye ndevu. Ndipo akatupa sharti lake.

"Nikikosa sauti ya nyumbani jioni moja, nitasema ni hali ya hewa," alisema. "Nikikosa jioni ya pili, nitajua baba ameondoka au anaondoka, na mnanificha tena. Sitasubiri gari la kazini. Kukipambazuka natoka kwa miguu."

Na kutoka kwa miguu maana yake ni kuvuka ule ule mto anaoupima. Wakati wa kiangazi unauvuka umeshika viatu mkononi. Msimu wa mvua, wenyewe wanaoupima wanausomea ukingoni wakiwa wamejifunga kamba.

Mvua zilikuwa zimeshaanza.

Betri ya mzee wangu ilikuwa imechoka, ikawa kila akiongea kidogo inalegea. Mkwe wangu, mume wa binti yetu mkubwa, ni dereva wa lori, na aliposikia akaleta betri mpya, zawadi. Mkwe huyu ni mpole kupita kiasi. Anavua kofia kabla hajafika mlangoni, na sijawahi kumwona akila kwangu akashiba. Mzee alikuwa amelala chumbani, daktari amemkataza kuinua vitu vizito, kwa hiyo mkwe akasema baba apumzike, yeye ataifunga.

Nyaya zenyewe mbili, mzee alizinyofoa kwenye mashine mbovu ya mtu. Zote nyeusi. Hazina alama, hazina uzi, hazina chochote. Yeye alizijua kwa mahali: ule ulio upande wa dirisha ni chanya, ule wa upande wa mlango ni hasi. Miaka yote betri imekaa hivyo, na kwake hiyo ilikuwa elimu ya kutosha.

Mkwe, kwa adabu zake, aliuliza. Nilikuwepo, nafuta meza.

"Baba, huu wa dirishani unakwenda wapi?"

"Wa dirishani unakwenda dirishani," mzee akajibu kutoka kitandani. "Una lingine?"

Nani angekuwa na lingine baada ya jibu kama hilo? Mkwe akaiweka betri maandishi yakitazama huku kwetu, kama ya zamani ilivyokuwa, akapeleka wa dirishani dirishani. Tatizo ni kwamba betri hazifanani. Hii mpya, chanya yake ilikuwa upande wa mlango. Alama ya kujumlisha ilikuwepo, ndogo, imechongwa kwenye plastiki nyeusi. Lakini hata angeiona, nyaya zenyewe ni bubu, angelinganisha na nini?

Ikaruka cheche. Nikasikia kitu kama mtu anapiga chafya ndani ya debe. Moshi ukatoka matundu ya nyuma ya redio, na mkwe akaung'oa waya kwa mkono mtupu, akaungua vidole. Kutoka chumbani mzee akauliza kuna nini.

Jioni ile tulikaa mbele ya redio kama watu waliokaa mbele ya mgonjwa. Saa ya Kasuku ikafika, ikapita. Najua alikuwa huko juu anaita. Nilikuwa kama namsikia. Sikuonja chakula.

Utauliza kwa nini nisitafute njia nyingine. Nilitafuta. Nilipiga simu ofisini kwao, nikaambiwa kwa upole kwamba gari linapanda mwisho wa mwezi, na kwamba mwanangu ni mtu mzima. Wale wenzake mzee wa hewani, nimeshakwambia, hawana namba. Wanaishi ndani ya redio, na redio imekufa. Ikabaki mtu mmoja: wifi yangu, dada wa mume wangu, fundi wa redio na televisheni. Nilimpigia kabla sijavua kanga ya mchana.

Alikuja asubuhi na begi lake la vifaa, miwani imefungwa kwa uzi. Wifi huyu hajui kuingia nyumba ya watu kimya.

"Nimesikia mmepika redio," akasema mlangoni. "Imeiva, au bado kidogo?"

Siku nyingine ningemjibu, maana mimi naye hatukosi la kutupiana. Siku hiyo nilimshika mkono tu nikamweleza sharti la Kasuku na habari ya mto. Akavua viatu, akaketi, hakutania tena kwa muda.

Mzee alikuwa ametoka chumbani, amejifunika shuka mabegani. Tangu jana alikuwa na wimbo mmoja: betri za siku hizi hazifai, na vijana wa siku hizi hawatazami wanachofanya. Hakumtaja mtu. Hakuhitaji. Mkwe alikuwa nje kwenye kizingiti, vidole vimefungwa kitambaa, ameikataa chai. Binti yangu alikuwa anapita kati ya jikoni na mlango akibamiza vyombo, na kila sahani iliyolia nilijua ni maneno anayotaka kumwambia baba yake. Mimi nami nikawa njia panda. Mkwe humfokei, na mume mwenye presha humfokei. Nikabaki nafokea kuku.

Wifi kabla ya kufungua redio alifuata ule waya kutoka kwenye betri, taratibu, kwa vidole, kama anayetafuta mwiba. Katikati kuna kifuko kidogo cha plastiki. Akakifungua. Kisha akatoa kitu kwa koleo na kukiweka mezani: kipande cha waya mnene wa shaba, kimekunjwa ncha zote mbili.

"Hapa hukaa fyuzi," akaniambia mimi, lakini kwa sauti ya kusikika. "Fyuzi ni kitu dhaifu kwa makusudi. Umeme ukija vibaya, inakatika yenyewe, mambo yanaishia hapo. Hii haiwezi kukatika. Hii unaweza kuvutia lori."

Akamwangalia kaka yake. Mzee akaangalia dirishani, akasema kwamba leo mvua inaweza kunyesha.

Basi wifi akaifungua redio. Akanionyesha, kwa kuwa nilikuwa nimemwinamia mpaka akaniambia nimwachie hewa. Mlangoni mwa redio, pale umeme unapoingilia, kuna kidude cheusi chenye mstari mweupe, wanakiita dayodi. Huyo ni mlinzi. Umeme ukija kinyume, yeye anauruhusu upite kwake wote kwa nguvu ili fyuzi ikatike haraka, na redio ipone. Lakini fyuzi yetu ilikuwa waya wa kuvutia lori. Mlinzi akashikilia, akashikilia, akapasuka. Njia ya shaba iliyo chini yake ikaungua na kukunjamana. Ndipo umeme ukaingia ndani, kinyume, haukuzuiwa na mtu.

Alifanya kazi mpaka mchana ukapita. Alikwangua palipoungua, akaziba njia kwa kipande cha waya na risasi ya kulehemu. Dayodi aliitoa kwenye chaja kuukuu aliyokuja nayo. Mimi nilikuwa natoka nje kutazama mawingu upande wa milimani, narudi, natoka. Wifi akaniuliza kama nayapelekea mawingu chai. Nikakaa. Nikasimama tena.

Kisha akafanya jambo ambalo wewe unayesoma nakuomba ulikumbuke, hata kama mengine utasahau. Hakuiunga redio kwenye betri moja kwa moja. Alimwita mkwe aingie ndani, akamwomba taa ya mbele ya lori, ile ya akiba. Akaiweka taa katikati ya njia, umeme upite kwenye taa kwanza ndipo ufike kwenye redio.

"Taa ikiwaka kwa nguvu," akasema, "ndani bado kuna kitu kimeshikana, lakini umeme utaishia kwenye taa, redio haitaungua tena. Ikiwaka hafifu, tumshukuru Mungu."

Alitazama alama za betri, akazigusa kwa kidole, akamwambia mkwe naye azisome kwa sauti. Mkwe akasoma. Wifi akagusisha.

Taa ikawaka nyeupe, sebule nzima ikang'aa. Nilitoa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu.

"Bado kimoja," wifi akasema, akatoa waya.

Akatafuta tena, akapata kijipipa kidogo kilichovimba kichwani kama mkate. Akakikata, akaweka kingine. Mikono yangu ilikuwa ndani ya kwapa zangu, naibana isimsumbue. Akagusisha tena. Safari hii taa ikawaka nyekundu hafifu, kama kaa linalozimika. Kioo cha redio kikawa na mwanga. Ule mvumo wake nilioulalamikia miaka yote ukajaa chumbani, nikatamani kuubusu.

Wifi akaiondoa taa, akaunga nyaya. Jua lilikuwa limeshuka. Tukavuta viti. Mzee akakaa mahali pake, mkwe akasimama mlangoni bila kujua kama aingie au atoke, binti yangu nyuma yake.

Na Kasuku akaja. Sauti yake ilikuwa mbali, inakatika, lakini ni yeye. Anaita nyumbani. Anaita, anasubiri, anaita. Mzee akakamata kipaza sauti, akabonyeza kitufe, akaongea kwa kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kwenye redio kuna mshale unaotakiwa kuruka ukiongea. Ulitikisika kidogo, ukalala.

Wifi akaeleza upesi, macho chini. Masikio ya redio yamepona. Mdomo umeungua, ile sehemu ya kutoa nguvu, na vipuri vyake havipatikani leo. Inanong'ona tu.

Sikia sasa adhabu ilivyo. Mimi namsikia mwanangu, yeye hanisikii. Nikamsikia akisema, na sauti imeshabadilika: "Nyumbani, hii ni jioni ya pili. Kama mko hapo na mnanificha, sawa. Kesho kukipambazuka natoka. Mto umepanda lakini nitapita kwa juu, kwenye mawe."

Nilimnyang'anya mume wangu kipaza sauti. Nikasema usitoke, usitoke, baba yako huyu hapa. Mshale haukunijali.

Wakati huo ikasikika sauti nyingine, ya mzee mwingine, ina mluzi kila inapofika kwenye herufi ya s. Mume wangu akainuka nusu kwenye kiti. Huyo wanamwita Filimbi, meno ya mbele hana. Yuko sehemu fulani katikati, kati yetu na milima.

"Kituo kinachonong'ona," Filimbi akasema, "nakusikia kama mtu aliye chini ya blanketi. Rudia polepole, nikupelekee."

Ndivyo desturi yao ilivyo. Ukimsikia mwenzako anaita na hafiki, unakatisha ya kwako, unambebea maneno yake. Mzee akarudia polepole: redio iliungua, sisi wote wazima, baki hapo. Filimbi akayabeba neno kwa neno, tukamsikia akiyatua milimani.

Nikapumua. Nikapumua mapema.

"Mzee wangu Filimbi, nakuheshimu," Kasuku akajibu, "lakini hata wewe ungeambiwa uniambie hivyo, ungeniambia. Walishanifanyia. Mbona siwasikii wenyewe? Redio iharibike jioni zile zile mbili? Kama baba yupo, aseme kitu."

Mzee akasema mwambie mimi nipo. Filimbi akapeleka. Kasuku akasema hilo hata jirani anaweza kulisema. Mimi nikapeleka jina nililomwita akiwa mchanga, ambalo sitaliandika hapa. Kasuku akacheka kidogo, cheko la kusikitisha, akasema huyo ni mama, najua mama yupo, mimi namuulizia baba. Sauti ilianza kuzama kwenye mvumo. Filimbi akasema hewa inafunga, kama mna neno lileteni.

Wifi alikuwa amekitazama kile kipande cha shaba, bado kipo mezani pale pale alipokiweka. Mzee naye akakitazama. Nikamwona mume wangu akizeeka pale kwenye kiti. Akageuka, akamtazama mkwe mlangoni, mkwe akainamisha kichwa kwa adabu zake. Ndipo akabonyeza kitufe.

"Filimbi, mwambie hivi. Siku anaondoka alinionyesha waya nilioweka mahali pa fyuzi. Akaniambia, baba, utoe. Jioni yake akaniuliza hewani, nikamwambia nimeshautoa. Sikuutoa." Akameza mate. "Ndio uliounguza redio. Watu humu nimewaacha wamlaumu shemeji yake. Hana kosa. Aliniuliza, nikamjibu vibaya. Mwambie hivyo hivyo."

Tukasikia mluzi wa Filimbi, nadhani alikuwa anacheka. Akayabeba yote, hata mahali mzee alipomeza mate.

Mvumo. Mvumo. Niliushika mkono wa wifi nikaubana mpaka akasema wifi, huu ndio mkono wa kulehemea.

"Huyo ni baba," Kasuku akasema. Ilikuwa mbali kabisa sasa. "Huyo ni yeye mwenyewe. Hakuna maiti inayoweza kuwa mbishi hivyo. Mwambieni nabaki. Mwambieni aweke fyuzi."

Ikazama. Hatukusikia tena.

Binti yangu aliketi chini pale alipokuwa. Mzee akaegemea meza, akanyanyuka, akamsogelea mkwe, akamshika mkono ule wa kitambaa na kuugeuza kutazama vidole. Sijui alimwambia nini, alisema chini chini. Najua kwamba usiku ule mkwe wangu alikula kwangu mpaka akashiba, na mimi nikaenda kulia jikoni ambako moshi ungebeba lawama.

Usiniulize mto ungemfanya nini mwanangu kwenye yale mawe. Yeye alishaanza kunieleza maji yalivyokuwa asubuhi ile, nikamwambia anyamaze, na safari hii alinyamaza.

Kwa hiyo wewe mwenye nyumba kama yangu, usingoje mume akueleze. Nenda kaguse. Fuata waya kutoka kwenye betri mpaka ufike penye kifuko, fungua, tazama kama ndani kuna fyuzi au kuna ubishi wa mtu. Waya wa chanya uufunge rangi. Mimi wa kwetu nimeufumia sufu nyekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mzee anasema redio yake imevaa sweta. Fyuzi za akiba ziko kwenye kopo langu la vifungo, si mahali pake, pangu. Na jioni, kabla sijakaa kumsikiliza Kasuku, nainama na tochi chini ya meza.

Mzee ananiuliza natafuta nini, jamani, kila siku. Namwambia sindano yangu imeanguka. Anainua miguu, ananiacha nitazame.